Nyayo za Handaki la Tano

Shangazi Namkunda alikuwa bado kona mbili na ngazi moja kutoka chumbani, lakini Bi Tunu alishajua kwamba anakuja, kwamba amevaa ndala, na kwamba mkono wa kushoto amebeba kitu kizito. Hakuwa mchawi. Alikuwa ameketi kitini pake, viatu kando, nyayo zake zimelala juu ya bamba la chuma lenye upana wa sinia la pilau, na bamba hilo lilimletea miguuni kila mtikisiko wa mtaa wa Tambarare, mtaa wa watu mia tatu na arobaini waliokwenda kuishi ndani ya mwamba wa Mwezi.

"Hotipoti," alijisemea, akaanza kutabasamu. "Makande hayo. Leo nimeamkia upande gani?"

Bi Tunu alikuwa msikilizaji wa mgodi. Wachimbaji walipoteremka kuchimba mawe yenye metali adimu, yeye alibaki juu akiisikiliza ardhi, na jiwe likianza kutoa ufa hata wa unene wa unywele, alibonyeza king'ora watu wakatoka mbio. Miaka saba alikuwa kwenye kiti hicho, na kwa miaka saba Tambarare haikuwa imemzika mchimbaji hata mmoja. Alijivunia hilo kuliko watoto wake, na watoto wake walikuwa wazuri.

Shida ni kwamba ardhi haichagui cha kusema. Inaleta nyufa, inaleta na nyayo. Bi Tunu alimjua mwalimu wa hesabu aliyerukaruka kama mbuzi kila alipodhani yuko peke yake koridoni. Alimjua fundi bomba aliyejificha ghalani kulala saa za kazi. Aliwajua waliogombana, maana walitembea kwa visigino, na waliopatana, maana walitembea polepole. Ndiyo sababu siku ya kwanza kabisa, kabla watu hawajakubali kutembea juu ya masikio yake, alisimama ukumbini mbele yao wote akaapa: atasema pale tu maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, na mengine yote atazikwa nayo.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

"Karibu, Namkunda. Umetia nazi ya unga au ya kopo?"

"Na wewe nawe! Hata mlango sijafungua."

Namkunda aliingia akiburuza vyuma vya miguuni, vile ambavyo wakazi wote wa Mwezini huvaa wasielee kila wakipiga chafya. Alikuwa Mpare wa Usangi, mwanamke mnene wa maneno, na tangu ndugu yake wa kiume afariki, yeye ndiye aliyesimamia mambo yote ya mpwa wake Nakiete. Aliweka hotipoti mezani lakini hakuifungua. Bi Tunu aliliona hilo.

"Nimekuja kwa jambo la mtoto," alisema Namkunda. "Barua ya posa ya yule Ndaro tunaijibu Ijumaa."

"Nimesikia. Hongereni."

"Hongera zisubiri. Wajua kwetu hatutoi mtoto kabla hatujauliza. Nyumbani tungetuma mtu mtaani kwa kijana, akaulize dukani, akaulize msikitini, akaulize jirani anayemchukia. Hapa nitamuuliza nani? Kijana ni fundi wa pampu za hewa. Kila mtu anampenda, watafanyaje, si ndiye anayewapa pumzi!" Alisogeza kiti. "Kwa hiyo nimekuja kwako, mwenzangu. Wewe unajua nani anakwenda wapi. Kijana ana neno, au hana neno?"

Bi Tunu alifungua kinywa ajibu kama alivyowajibu wengine. Neno likamkwama.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lake, na alilijua. Miaka miwili nyuma, mama mmoja wa ghala la mbegu alikuja kumuuliza hivihivi kuhusu mposaji wa bintiye, na Bi Tunu, kwa furaha tu na kwa sababu kijana alikuwa mwema kweli, alicheka akasema, "Huyo hana neno, ozesheni." Nani angeliita hilo kuvunja kiapo? Hakumchongea mtu, alimsifu. Wakaja wengine, akasema tena. Wakaja wa tatu, na sahani ya biriani juu yake, akasema tena. Hakuwahi kufikiri kwamba ipo siku ataulizwa juu ya mtu ambaye hawezi kumsemea hivyo, na kwamba siku hiyo kunyamaza kwake kutakuwa kumesema.

Maana Ndaro alikuwa na neno. Au alikuwa na jambo linalofanana nalo sana. Kwa miezi miwili sasa, kila baada ya chakula cha jioni, nyayo za Ndaro zilikwenda handaki la tano, lile lililoachwa baada ya mawe yake kwisha. Dakika tano baadaye zilifuata nyayo nyingine, nyepesi, za haraka, za Kalunde wa jikoni, mjane wa miaka thelathini, mzuri na mcheshi. Wakifika mwisho wa handaki nyayo zote mbili zilikatika. Si kwamba zilisimama, zilikatika kabisa, kama watu wamepaa. Saa nzima hakuna kitu. Kisha zilirudi, za mmoja baada ya za mwingine, na za Ndaro zilirudi zikiwa na furaha.

"Bi Tunu," alisema Namkunda. "Mbona umenyamaza?"

"Nilikula kiapo, Namkunda. Sisemi ya watu."

"Kiapo hicho kilikwenda likizo ulipomsifia mkwe wa mama wa ghalani?"

"Nilikosea."

"Ulikosea mara tatu, na leo kwa mtoto wetu ndiyo umekumbuka." Namkunda aliinuka. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Basi nimepata jibu langu. Ijumaa tutakataa."

Alichukua hotipoti yake.

"Unaondoka na makande?" Bi Tunu aliuliza, na papo hapo akajionea aibu kwa kuuliza.

"Makande ni ya anayesema," alisema Namkunda, akatoka. Ndala zake zilisikika kona ya kwanza, kona ya pili, ngazi, kisha zikachanganyika na za wengine.

*

Siku nzima iliyofuata Bi Tunu hakula vizuri. Alimpenda Nakiete. Miaka mitatu iliyopita mlango wa hewa wa ghala kuu ulifeli, na mama yake Nakiete, aliyekuwa ndani, aliokolewa mzima ila masikio. Tangu hapo hakusikia kitu. Mwanamke aliyekuwa haikosi ngoma hata moja alianza kukaa pembeni akisoma midomo ya watu, na alipochoka kusoma midomo alikaa kimya na kuchambua maharage ya jikoni. Nakiete alipokuwa akikosa la kumwambia mama yake alikuja kukaa sakafuni kwa Bi Tunu, akaegemeza kichwa kwenye goti lake. Na alipoulizwa arusi yake itakuwaje, alijibu kwamba itakuwa ya chakula tu. Ngoma hataki. Watu walinung'unika sana, lakini binti alishikilia.

Je, amwache binti huyo aolewe na mtu anayejificha na mjane mashimoni? Au amvunjie kijana posa kwa nyayo tu, nyayo ambazo huenda zina maana nyingine?

Bamba liliendelea kumnong'oneza. Chini ya sakafu na kuta za Tambarare zilipandwa fimbo mia mbili za aloi, nene kama kidole gumba, za metali mbili adimu, terbi na disprosi, pamoja na chuma. Terbi yenyewe ni metali laini ya rangi ya fedha, unaweza kuikata kwa kisu. Chumvi zake ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, hutoa kijani kikali, na kijani hicho ndicho kilichowaka kwenye taa ndogo iliyokuwa juu ya mlango wa Bi Tunu kuonyesha kwamba mgodi ni salama. Lakini ikichanganywa na hao wenzake wawili hupata tabia ya ajabu: ukiikaribishia sumaku inarefuka, chini ya milimita moja, kisha inarudi. Na ukiibinya, yenyewe hubadilika kisumaku, na waya uliozungushwa juu yake hulitambua badiliko hilo. Fimbo ndani ya mwamba ilibinywa na hatua ya mtu, ikatuma habari. Fimbo chini ya bamba ilipokea habari hiyo, ikarefuka na kufupika, ikamkanyaga Bi Tunu nyayoni vilevile mtu alivyokanyaga koridoni. Fimbo zote zilikuwa za aina moja. Tofauti ya kusikia na kusema ilikuwa ni waya umechomekwa wapi.

Angeweza kwenda handaki la tano akaone. Kutoka kwake hadi pale ni dakika kumi. Aliinuka mara mbili, akavaa viatu mara mbili, na mara zote mbili akavivua. Siri haikuwa yake. Akienda kuchungulia leo, kesho atakwenda kwa nani?

Mara ya tatu alivaa viatu na kwenda mahali pengine.

*

Ndaro alikuwa amelala chali chini ya pampu, miguu tu ikionekana. Bi Tunu aliitambua miguu hiyo kuliko sura yake.

"Shikamoo, Bi Tunu!" alisema kijana akijitoa chini, grisi hadi kwenye nyusi.

"Marahaba. Kaa, nina neno na wewe, na nikimaliza usinijibu." Alimweleza moja kwa moja. "Watu wamekuja kukuulizia kwangu. Sikusema kitu, wala sitasema. Ila zamani nilikuwa mjinga, niliwasifu wengine, kwa hiyo nikinyamaza juu yako wanaelewa kwamba u mbaya. Ijumaa watakukataa. Kosa ni langu, anayeadhibiwa ni wewe, na nimeona si haki usijue."

Ndaro aliweka spana chini. Kisha, jambo ambalo Bi Tunu hakulitarajia, akaanza kucheka. Akacheka hadi akaelea kidogo, ikabidi ashike bomba.

"Handaki la tano," alisema.

"Sijataja handaki lolote."

"Bi Tunu, sikiliza nikwambie, kumbe ni..."

"Nyamaza!" Aliziba masikio kwa viganja viwili. "Ukiniambia nitakuwa nayo moyoni, na Namkunda atanisoma usoni. Kaseme huko kwa wenyewe."

Ndaro alikuna kichwa. Kicheko kilimtoka usoni, na pale palibaki kijana mwenye woga. "Siwezi kusema kabla ya Ijumaa. Nikisema, imeharibika. Nakiete mwenyewe hajui." Alifikiri. "Basi nifanyie jambo moja. Nikabidhi waya za fimbo za sakafu ya ukumbi, hiyo Ijumaa, kwa nusu saa tu."

Bi Tunu alirudi nyuma hatua moja. Waya zile zilikuwa mkononi mwake, hakuna mwingine aliyewahi kuzigusa. Sasa anaombwa aziachie kwa kijana ambaye yeye hajui ana mpango gani, wiki hiyohiyo anayotiliwa shaka.

"Mgodini kutakuwa na mtu?"

"Hakuna. Ijumaa baada ya swala kuchimba husimama. Watu wote watakuwa ukumbini."

"Kuna maisha ya mtu yatakayokuwa hatarini?"

"Hapana, wallahi." Alifikiri tena. "Labda Shangazi Namkunda azimie."

Bi Tunu aliitazama tena miguu ya kijana, ile aliyoijua. Kwa miaka saba alikuwa amezoea kuwajua watu bila kuwaamini. Kuamini bila kujua hakukuwa kazi yake, na alikuta ni kugumu kuliko alivyodhani.

"Nusu saa," alisema. "Ikizidi dakika moja nitakuja na mwiko."

*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Viatu vilipangwa mlangoni kama kawaida ya arusi na misiba, mikeka ikatandikwa, na vyuma vya miguuni vikawekwa kando, kwa hiyo kila aliyepita alipita kwa mdundo mdogo. Mama Nakiete aliketi mbele, mikono mapajani, akisoma midomo. Binti yake alikaa nyuma yake, macho mekundu. Alikwishaambiwa.

Mshenga wa Ndaro alisalimu, akakumbusha barua, akaomba jibu. Namkunda akasimama.

"Barua tuliipokea kwa heshima," alisema. "Tukauliza, kama desturi. Tuliyemuuliza amewasifu vijana watatu hapa mtaani, wote mnawajua, wote wameoa. Juu ya huyu wetu alinyamaza. Sisi si wajinga. Kwa hiyo jibu letu..."

"Subiri, Namkunda," alisema Bi Tunu.

Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Mkononi alikuwa na ufunguo wa chumba cha kusikilizia. Alipita kati ya watu, akauweka ufunguo mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

"Nilikula kiapo mbele yenu nikakivunja mara tatu," alisema. "Nilisema 'hana neno' kwa watu watatu, nikala biriani yao. Niliona ni wema. Kumbe nilipofungua mlango kwa kusifu, nilikuwa nimeufungua na kwa kulaumu. Kijana huyu amehukumiwa kwa mdomo wangu uliokosa adabu zamani. Siwaambii ni mwema, siwaambii ni mbaya. Nawaambia kwamba kuanzia leo mkija kumuulizia hata malaika, nitanyamaza vilevile. Na kama hamnitaki tena kwenye kile kiti, ufunguo huo hapo."

Kisha mke wa mmoja wa wale vijana watatu aligeuka akamkazia macho mumewe. "Ina maana hata wewe una neno?"

"Mimi?" alisema mume, na kwa jinsi alivyolisema, ukumbi wote ulipasuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti alicheka. Aliuokota ufunguo, akaushika kwa muda kama anaupima uzito, kisha akamrudishia Bi Tunu kiganjani, akamfunga vidole.

"Kaa chini, mama," alisema. "Ila biriani ijayo tule wote."

Namkunda hakucheka. "Sawa. Bi Tunu amejisafisha. Kijana je?"

Ndaro alisimama. Alikuwa amevaa kanzu iliyokunjwa vibaya.

"Miezi miwili nimekuwa nikienda handaki la tano kila jioni," alisema, "na Kalunde."

Minong'ono ilianza. Nakiete aliinua kichwa. Bi Tunu alifumba macho.

"Nitaeleza, lakini kwanza ninaomba mama avue soksi."

"Mama nani?" alifoka Namkunda.

Ndaro alipiga magoti mbele ya Mama Nakiete, akasema polepole ili midomo yake isomeke. "Mama, nakuomba. Soksi."

Mama Nakiete alishangaa, akamtazama bintiye, akavua. Aliweka nyayo zake sakafuni.

Kalunde alikuwa amekwishakaa kwenye kona na ngoma yake, ngoma ya kweli ya mti iliyosafirishwa kutoka Tabora kwa mizengwe mingi, sasa ikiwa na waya mbili zinazoingia ukutani. Alilamba vidole. Akapiga.

Mlio wa masikioni ulikuwa mdogo tu. Lakini sakafu ilisema. Fimbo arobaini zilizokuwa zikisikia kwa miaka saba ziligeuka zikawa zinaongea, na ngoma ikapanda kwenye visigino, kwenye magoti, kwenye nyonga, hadi kifuani. Waliokaa walijikuta wamesimama. Na Mama Nakiete alikaa palepale, mdomo wazi, akitazama miguu yake mwenyewe.

Ilikuwa ngoma ya arusi ya Usangi. Namkunda aliitambua kwa pigo la tatu. "Nani kamfundisha Mnyamwezi ngoma yetu?"

"Yeye," alisema Kalunde bila kuacha kupiga, akamwonyesha Mama Nakiete kwa kidevu. "Tunakaa naye jikoni. Akichambua maharage vidole vyake vinaipiga kwenye sinia, kila siku, hiihii. Hajui kama anapiga. Nilimwambia Ndaro, naye akasema mama huyu hawezi kuozesha mtoto pasipo ngoma."

"Tuliokota fimbo mbovu, tukazitengeneza," alisema Ndaro haraka haraka, sasa akizungumza na Nakiete tu. "Tukaweka jiwe bapa juu ya magunia ya vumbi, vumbi linameza kila mtikisiko, tukajaribia juu yake. Nilijua Bi Tunu akiisikia tu atacheza, na akicheza siri imekwisha. Ulisema hutaki ngoma ambayo mama yako hasikii. Sasa..."

Hakumaliza, kwa sababu Mama Nakiete alipiga kigelegele. Alikuwa hajui tena vigelegele vina ukubwa gani, hivyo alikipiga kwa nguvu zake zote, kikavuka pumzi ya kawaida ya binadamu, na kabla hakijaisha alikuwa amesimama anacheza. Aliruka, na kwa kuwa Mwezini mtu hana uzito wa kumrudisha chini upesi, aliruka akagusa dari kwa kiganja, akashuka palepale kwenye pigo. Hakulikosa hata moja. Nakiete alikwenda akamshika kiuno, wakaenda pamoja, mmoja analia na mwingine anacheka, na baada ya muda hukuweza kujua ni yupi analia.

"Jibu, Shangazi!" watu walipiga kelele. "Jibu la barua!"

Namkunda alikuwa amekwishafunga kanga kiunoni. "Jibu gani tena, hamna macho?" alisema, akaingia katikati.

Nusu saa iligeuka saa mbili. Bi Tunu aliukumbuka mwiko mara moja tu, na wakati huo alikuwa hewani.

*

Jumamosi asubuhi alikaa kitini pake, misuli ya mapaja inauma, taa ya kijani inawaka juu ya mlango. Waya za ukumbi zilikuwa zimerudi mahali pake. Ndala zilikuja, kona ya kwanza, kona ya pili, mkono wa kushoto mzito.

"Hii ni ya kuomba radhi," alisema Namkunda akifungua hotipoti, na mvuke wa makande ukajaa chumba. Alimpakulia sahani, akakaa, akarekebisha kanga yake. "Kwa kuwa nipo hapa. Kuna kijana wa maabara anamtazama sana binti wa dada yangu. Sikuulizi kitu. Nasema tu kwamba anamtazama."

Bi Tunu alichota kijiko.

Papo hapo alisikia jambo miguuni. Koridoni kwa jikoni, saa ambayo hakuna mtu, zilikuwa zikipita nyayo za Mama Nakiete. Miaka mitatu nyayo hizo zilikuwa zikiburuzika. Leo zilipiga moja, mbili, zikasita, zikageuka mahali pamoja, zikaruka, na baada ya muda mrefu zikatua. Kisha zikarudia tangu mwanzo, peke yake, mlango umefungwa, akidhani hakuna duniani wala Mwezini anayejua.

"Unachekea nini?" aliuliza Namkunda, akisogea karibu. "Bi Tunu. Umesikia nini?"

Bi Tunu akajaza kinywa makande.